Dereva Naye Alale Kitandani

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia nyumbani binti wa ndugu yangu akiwa na karatasi 14 zilizopigwa chapa vizuri. Binti huyu ameajiriwa na kampuni moja ya chai hapa Mombasa, katika idara inayoshughulika na watumishi, na wakubwa wake wamempa kazi ya kutunga kanuni za safari za kikazi: nani asafiri, kwa chombo gani, alale wapi, ale nini, na pesa zitoke vipi na hesabu zirudi vipi. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akaniambia, "Ami, wewe umekwenda Kericho na Bomet miaka mingi. Nisomee hizi, halafu uniambie zina kasoro gani."

Nikazisoma. Zilikuwa na lugha nzuri mno, lakini nilipofika ukurasa wa tatu nilikwisha tambua ya kwamba asili yake ni ng'ambo. Mlikuwa na habari za viti vya daraja la mbele katika ndege, za magari ya kukodi, za pointi wanazopewa wasafiri wa mara kwa mara, na hata habari ya bakshishi apewayo mchukuzi wa mizigo hotelini. Matope ya Litein mwezi wa Aprili hayakuwamo. Ijumaa haikuwamo. Na dereva ametajwa mara moja tu, katika kifungu cha mafuta ya gari.

Kwa ajili ya huyo dereva ndipo nikaona nishike kalamu.

Huenda msomaji akajiuliza, watu wa pwani wana safari gani ya kwenda Kericho? Wengi wetu twaijua chai ikiwa imekwisha fika Shimanzi ndani ya magunia ya karatasi, au ikiwa imekwisha tiwa tangawizi na iliki ndani ya birika. Lakini chai ile yatoka mbali. Wazungu wa Brooke Bond na wa James Finlay walianza kufungua mashamba Kericho katika miaka ya 1920. Wakulima wadogo wakafuata, na tangu 1964 wakawa na shirika lao la KTDA, lenye viwanda ambavyo majina yake kwangu ni kama majina ya vituo vya reli: Litein, Kapkatet, Tegat, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek. Mnada wa chai nao ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Basi tangu hapo mkulima yuko bara, mnunuzi yuko pwani, na katikati yao pana makarani, waonjaji, wakaguzi wa maghala na madereva wanaopanda na kushuka. Chai ikifika bandarini na unyevu, au ikiwa imeungua kwa moto wa kukaushia, hapana budi mtu apande akaone kiwandani kuna nini. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu. Nilikuwa nikichukua sampuli, nikisikiliza lawama za wanunuzi huku na za wenye viwanda kule, nami katikati nikawa kama ngoma, huku napigwa na huku napigwa.

Ni safari ndefu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Kutoka Nairobi hadi Kericho, ukipitia Nakuru, Mau Summit na Londiani, ni kama 260 nyingine. Waweza pia kupitia Narok ukaingia kwa mlango wa Bomet. Ukifika unakuta nchi ya kijani kitupu, vilima juu ya vilima vilivyonyolewa sawasawa kama kichwa cha mtoto siku ya arubaini. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na pengine na mawe yake. Mji uko juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake si usiku wetu. Mtu wa Mombasa akilala Kericho bila blanketi mbili, asubuhi hana haja ya kuamshwa.

Sasa nitaeleza lililonipata, nalo sitalitaja kwa jina la kampuni wala la mtu, maana kampuni ile ilikwisha vunjwa na watoto wa marehemu wapo.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1994. Nilitumwa na gari la kampuni, pikapu, pamoja na dereva, mzee mmoja wa Likoni, mtu wa sala tano na maneno machache. Tulitoka hapa Jumatatu baada ya alfajiri, tukafika Kericho baada ya isha, yeye peke yake kwenye usukani mchana kutwa. Mimi nilikuwa na barua ya kulipiwa chumba katika nyumba ya wageni. Yeye hakuwa na barua. Desturi ya kampuni, ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua, ilikuwa dereva "analinda gari". Maana yake analala ndani yake. Alikuwa na shuka moja na kikoi, akatandika magunia matupu ya karatasi tuliyokuwa nayo, akajikunja kwenye kiti. Asubuhi nilimkuta anatafuta maji ya moto ya kutawadhia, vidole vimekufa ganzi. Usiku wa pili ikawa vile vile.

Mimi nililala kitandani. Sikuuliza. Hilo nalisema kwa kuwa ni rahisi kuwalaumu wakubwa, na mimi sikuwa mkubwa, lakini chumba changu kilikuwa na vitanda viwili.

Jumatano tulimaliza viwanda vya upande wa Bomet, tukaondoka Kericho alasiri, tukafika Nairobi karibu na saa sita za usiku. Mimi nikashukia hapo ili asubuhi nipeleke sampuli. Yeye akaendelea na safari, kwa kuwa gari lilikuwa likitakiwa Mombasa siku ya Alhamisi. Kabla ya alfajiri, baada ya kupita Maungu, aliingia nyuma ya lori lililokuwa limeharibika njiani bila taa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baadaye mjane alipokwenda kudai haki yake, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: nani alimwamuru mumewe kuendesha gari usiku? Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha alitumwa wapi, arudi lini, na kwa njia gani. Karatasi pekee iliyopatikana ndani ya gari ilikuwa risiti ya petroli. Akazungushwa karibu miaka miwili.

Basi msomaji akisikia "kanuni za safari", asidhani ni mambo ya maofisini ya kujaza makabati. Kwangu mimi kanuni ya safari ni ile karatasi ambayo haikuwamo garini.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa wageni wa mambo haya. Maneno yenyewe ni yetu. Msafara ulipotoka Bagamoyo au Mombasa kwenda bara, pagazi alipatana kwanza juu ya ujira na juu ya posho, na posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na ushanga wa kununulia chakula njiani. Palikuwa na kirangozi aliyeongoza. Palikuwa na hongo, yaani ushuru waliotoza watawala wa njiani, nayo ilitoka katika mali ya mwenye msafara. Sisemi misafara ile ilikuwa na haki. Iliyobeba pembe na watumwa haina mtu wa kuisifu, na mapagazi wengi walikufa njiani bila hata kuzikwa. Lakini sijapata kusikia ya kwamba pagazi aliambiwa ale kwa pesa zake mwenyewe hadi Tabora, kisha akirudi alete risiti. Leo posho huko bara imekuwa jina la unga wa mahindi, na hongo imekuwa jina la aibu.

Kanuni alizonionyesha binti zilisema mtumishi atumie pesa zake, halafu "atarudishiwa katika siku 30 baada ya kuwasilisha stakabadhi zote". Nikamwambia, mwanangu, hapa kampuni inamkopa karani. Meneja ana akiba. Karani wa ghala ana deni la duka. Ukimtuma Kericho kwa fedha zake, utamlazimisha akope kwa riba au apunguze chakula cha watoto, ili kampuni yenye meli za chai zinazokwenda Karachi ipumzike siku 30. Masurufu yatolewe kabla ya safari. Hilo sina mjadala nalo.

Juu ya risiti nina mjadala, nao hata na nafsi yangu. Mhasibu ataka kila senti iwe na karatasi. Lakini mama auzaye chai na viazi kando ya barabara Kapkatet hana kitabu cha risiti. Mtumishi akibanwa, atafanya nini? Ataomba risiti tupu katika duka kubwa mjini, atajaza mwenyewe, na hivyo kampuni itakuwa imemfundisha kughushi kwa kisingizio cha kumzuia asiibe. Rai yangu ni kwamba kitanda na nauli vidaiwe risiti, lakini chakula kiwe posho moja ya siku, isiyoulizwa. Na posho hiyo ya chakula iwe sawa kwa wote. Katika karatasi za binti meneja alipewa ya kula mara tatu ya karani. Sijui tumbo la meneja lina vyumba vingapi.

Hapa mhasibu ana haki ya kuniuliza: je, posho isiyoulizwa haitawafanya watu wapende safari? Itawafanya. Mimi mwenyewe mwaka 1988 nilikwenda kiwanda kimoja kwa kazi ya siku moja nikaifanya siku tatu, kwa kuwa kila siku iliniongezea kitu mfukoni na nilikuwa ninajenga. Naungama hadharani. Dawa yake ni barua ya safari inayotaja siku na kazi, na mkubwa anayeijua kazi yenyewe akatia saini. Kumnyima mtu chakula si dawa. Na kwa habari ya kodi, sheria kwa miaka mingi iliiachia posho ya safari shilingi 2,000 za kwanza kwa siku bila kodi, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikazipandisha hadi 10,000. Asitokee mtu akasema zile 2,000 ndizo kipimo cha chakula na malazi kilichowekwa na serikali. Kilikuwa kipimo cha kodi tu.

Tuje kwenye mambo yanayotuhusu sisi zaidi. Binti aliniuliza kama ni aibu kuandika habari za chakula halali katika kanuni za kampuni ambayo wakubwa wake si Waislamu. Nikamwambia si aibu hata kidogo. Mtu akiacha kula nyama siku nne hafi, lakini akikaa mezani na wenyeji akisukuma sahani bila kueleza, huonekana ana dharau. Mimi nimesafiri nchi ya Wakipsigis zaidi ya miaka 20 na sijaona watu wakarimu kuliko wao. Bomet, mkulima mmoja alipotaka kutukaribisha kuku, alinijia na kisu mkononi, akanipa, akasema chinja wewe ili sote tule. Hakuna aliyemfundisha. Mursik, maziwa yao yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, nilinywa kwa shukrani tangu siku ya kwanza, ingawa uso wangu siku ya kwanza haukuonyesha shukrani. Mjini Kericho kuna msikiti, na penye msikiti hakukosekani mkahawa. Kuna pia hekalu kubwa la Masingasinga ambako msafiri yeyote hupewa chakula bure, nacho hakina nyama. Nimekula dengu na chapati pale siku nilipoishiwa, bila kuulizwa dini wala kabila wala risiti.

Habari ya sala ni nyepesi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na hesabu ya siku zake nawaachia mashekhe. Tunachokitaka kwa kampuni ni kituo cha dakika chache penye maji. Lakini Ramadhani ina jambo lake. Mtumishi Mwislamu ana ruhusa ya kufungua safarini, na nimewahi kumsikia mkubwa mmoja, asiye Mwislamu, akiitumia ruhusa hiyo: "Dini yenu yawaruhusu, basi kuleni, twende." Ruhusa ile alipewa mfungaji na Mola wake; haikupewa kampuni. Kanuni iseme wazi kwamba safari isiyo ya dharura isogezwe, na ikiwa haisogezeki, mwenye kufunga aachiwe uamuzi wake na apewe mapumziko ya magharibi.

Kisha wanawake. Najua baadhi ya wasomaji watasema mwanamke hana safari bila maharimu, na mwenye kushika hilo namheshimu. Kanuni basi impe mwanamke nafasi ya kukataa safari bila kupoteza cheo wala mshahara. Lakini wapo wanaokwenda, na binti yetu mwenyewe huenda. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake juu ya wanawake waliodhulumiwa na wasimamizi wao katika mashamba makubwa ya Kericho, na nchi nzima ikashtuka. Hao walikuwa wachumaji, lakini mlango ni ule ule: mkubwa mmoja, mwanamke mmoja, mahali mbali na kwao, na kazi yake iko mkononi mwa yule mkubwa. Nilimshauri aandike chumba chenye kufuli kwa kila mwanamke, wasafiri wawili wawili inapowezekana, na namba ya simu ya mtu wa ofisini asiye mkubwa wake wa karibu. Alikuwa ameandika tu "mavazi ya heshima". Tukacheka, yeye akiwa na buibui lake.

Zawadi nazo ni mtihani, hasa katika nchi ambayo zawadi yenyewe ni chai, na chai nayo siku hizi ni jina la rushwa. Mkaguzi akitoka kiwandani na kilo mbili za chai nzuri, amepewa ukarimu au amepewa kinyamazisho? Wasomaji wanaijua habari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya sadaka, akarudi na mafungu mawili, moja akalikabidhi na la pili akadai ni zawadi yake. Akaulizwa mbele ya watu, angekaa nyumbani kwa babake na mamake, zawadi hizo zingemfuata? Kipimo hicho chatosha kwa kampuni yoyote, ya Waislamu au ya wengine. Mimi ningesema maziwa na chakula cha mezani mtu ale. Kinachofungwa kwenye mfuko kiandikwe na kikabidhiwe ofisini.

Narudi kwa dereva, maana ndiye aliyenileta. Leo sheria haziko kama 1994. Tangu marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, dereva wa gari la abiria au la biashara hapasi kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awe na bima. Lakini barabara ni ile ile. Oktoba 2018, basi lililokuwa likisafiri usiku kutoka Nairobi lilipinduka Fort Ternan, huko huko Kericho, likaua watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani likawaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliosimama kando ya njia. Kila ninaposikia jina la Londiani naukumbuka ukungu wake.

Saa 8 hazitoshi kutoka Mombasa hadi Kericho, hesabu yoyote utakayopiga. Kwa hiyo kanuni lazima ikubali kwamba safari ya kwenda ni siku mbili na ya kurudi ni siku mbili. Karani apande treni ya mchana, ambayo tangu 2017 humfikisha Nairobi katika muda wa saa tano au sita, alale, asubuhi aendelee. Gari likihitajika, likodishwe Nakuru au Kericho kwa dereva wa huko aijuaye njia. Na ikiwa ni lazima gari la kampuni litoke hapa, basi usukani ufungwe jua linapozama, na dereva apewe chumba, kitanda, blanketi na posho ile ile apewayo yule aliyeketi kando yake. Gari litalindwa na mlinzi wa nyumba ya wageni, kwa ujira wake.

Tulikiandika kifungu hicho pamoja, binti na mimi, kwa maneno machache. Juzi akanipigia simu. Rasimu imerudi kutoka kwa wakubwa; mambo ya ndege yamepita bila neno, na kando ya kifungu cha kitanda cha dereva mhasibu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Gharama?" Kikao ni Jumatatu. Ameniomba nimtafutie bei za vyumba vya Kericho, Litein na Bomet mjini, na wakati ninapoandika haya ninangoja simu ya rafiki yangu wa Litein, ambaye amekwenda kuuliza mlango kwa mlango.